Kipindupindu Kinavyosafiri: Hotuba kwa Watu wa Pangani

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, walimu, masheikh na wachungaji wetu, mama zangu mnaokaanga samaki pale kivukoni, wavuvi, na ninyi vijana wa sekondari mliokimbilia viti vya nyuma ili msiulizwe maswali: Assalaamu alaykum, na habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme kuhusu magonjwa ya kuambukiza. Niliuliza, yapi? Nikajibiwa, yote. Yote hayawezekani kabla ya adhuhuri, kwa hiyo nimechukua mmoja tu, kipindupindu. Mvua za masika ziko njiani, hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba huu ni ugonjwa ambao kila mtu anadhani anaujua. Muulize mtoto wa darasa la tatu, atakwambia ni ugonjwa wa uchafu. Mimi sikubaliani naye. Kipindupindu ni ugonjwa wa njia. Kuna mahali kinatokea mwilini, kuna mahali kinapita, na kuna mahali pamoja tu kinapoingilia, nako ni mdomoni. Nyumba inaweza kufagiliwa mara tatu kwa siku, ua ukapendeza, na njia hiyo ikawa wazi kabisa. Na nyumba ya jirani, yenye vumbi na mbuzi watatu uani, ikawa imeifunga.

Tuanze na viumbe wenyewe. Walimu wa biolojia mnisamehe nikipita haraka. Vinavyotuambukiza ni vya makundi machache: virusi, kama vya surua na UKIMWI, bakteria, kama wa kifua kikuu na homa ya matumbo, protozoa, kama yule wa malaria, fangasi, na minyoo, ambayo si midogo lakini huwekwa kundi hilo. Virusi haviwezi kuzaliana peke yake, lazima viingie ndani ya seli ya kiumbe kingine. Bakteria ni seli kamili. Anakula, anakua, anajigawa mara mbili. Kimelea cha kipindupindu kikipata chakula na joto kinaweza kujigawa kila baada ya dakika ishirini hivi. Vijana wa nyuma, pigeni hesabu: kimoja, baada ya saa nane, kitakuwa vingapi? Jibu linazidi milioni kumi na sita. Hapo mtu amelala tu usiku mmoja.

Lakini msiondoke hapa mkiwachukia bakteria wote. Walio mwilini mwako wanakaribiana kwa idadi na seli zako mwenyewe, wengi wao wako kwenye utumbo mpana, na wengi hao hawana neno na wewe. Wanaoleta maradhi ni wachache.

Huyu wetu kitaalamu anaitwa Vibrio cholerae. Kwenye hadubini ni kijiti kilichopinda, chenye mkia mmoja wa kuogelea. Urefu wake ni kama mikromita mbili: vipange mia tano kwa mstari, utapata milimita moja. Sisi wa maabara tukiletewa sampuli ya choo tunaiotesha kwenye sahani yenye chakula cha rangi ya kijani. Kesho yake, kama ni chenyewe, tunakuta vidoa vya njano, bapa, vinavyong'aa. Ukiviona hivyo, chai haipiti tena kooni. Unaanza kupiga simu.

Makazi yake ya asili si tumbo la binadamu. Ni mahali mto unapokutana na bahari, maji ya chumvi yakichanganyika na maji baridi. Humo hujishikiza kwenye magamba ya viumbe wadogo mno wa jamii ya kamba, na huishi hivyo mwaka hadi mwaka bila kumjua mtu yeyote. Naona mnatazamana, maana mlango wa mto mnao hapa dirishani. Sisemi Mto Pangani una kipindupindu. Vimelea vya jina hilo vina aina zaidi ya 200, na karibu zote hazina hatari ya mlipuko. Ni mbili tu, O1 na O139, ambazo zimewahi kusababisha milipuko mikubwa. Tofauti kubwa iko kwenye sumu. Mwaka 1996 watafiti wawili wa Marekani, Matthew Waldor na John Mekalanos, walionyesha kwamba maagizo ya kutengeneza sumu hiyo hayakuwa ya bakteria tangu mwanzo. Yaliletwa na virusi, wale wanaoshambulia bakteria. Maana yake bakteria naye huambukizwa, na kuambukizwa kwake ndiko kulikomfanya awe balaa kwetu.

Sasa njia.

Wazee wa hapa, huenda hamkuambiwa kwamba mji wenu umo katika historia ya ugonjwa huu. Karne ya kumi na tisa kipindupindu kilifika pwani yetu mara kadhaa. Mwaka 1821 kilikuja na vyombo vya baharini. Safari iliyotisha zaidi ilikuwa ya mwaka 1869. Wakati huo Unguja alikuwako daktari Mskoti, James Christie, tabibu wa Sultani, na yeye hakuridhika kutibu tu. Aliwauliza wenye misafara, wafanyabiashara, mabaharia: mliuona wapi ugonjwa huu kwanza, na mlitoka hapo siku gani? Akafuatilia nyayo zake kutoka kaskazini, kupitia nchi ya Wamaasai, hadi hapa Pangani, na kutoka hapa ukavuka hadi Unguja. Kitabu chake kilichapwa London mwaka 1876, miaka minane kabla daktari Mjerumani Robert Koch hajathibitisha kimelea chenyewe kule Kalkuta. Christie hakujua anatafuta kiumbe gani. Lakini aliona kwamba ugonjwa unakwenda kwa mwendo wa wapagazi na mashua, unalala wanapolala, unaamka wanapoamka. Ugonjwa wa hewa mbaya, kama wakubwa wengi wa wakati ule walivyodai, usingesubiri msafara upumzike.

Miaka kumi na mitano kabla ya mlipuko huo wa 1869, daktari John Snow alikuwa amefanya kazi ya namna hiyo London, kwenye mtaa wa Broad Street. Mwishoni mwa Agosti 1854 watu walianza kufa kwa mamia. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza kila marehemu alikunywa maji ya wapi, na majibu yakaelekea kwenye pampu moja. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukang'olewa. Kwa haki, lazima niseme mlipuko ulikwisha anza kupungua, wengi walikuwa wamekimbia. Ninachokipenda mimi ni kilichogunduliwa baadaye na kasisi wa mtaa ule, Henry Whitehead. Nyumba namba 40, iliyokuwa karibu na pampu, kulikuwa na mtoto mchanga aliyeharisha. Mama yake alifua nepi na kumwaga maji yale kwenye shimo la uchafu la nyumba. Shimo lilikuwa linavuja, na kisima kilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Zaidi ya watu 600 walikufa. Yule mama alikuwa anafua. Alikuwa msafi.

Ndiyo maana sitaki kusikia neno "uchafu". Mtu akiambiwa ni ugonjwa wa wachafu, siku mwanawe anaharisha atajifungia ndani. Atasema ni tumbo la kawaida, ni embe mbichi, ni jicho la watu. Atakuja kituo cha afya saa nne za usiku wakati mtoto hana tena mapigo ya moyo. Aibu imeua watu wengi pwani hii, na aibu tumeitengeneza sisi wenye vipaza sauti.

Turudi tumboni. Kimelea kimemezwa. Kwanza kinakutana na asidi ya tumbo, na vingi hufa humo. Ndiyo maana mtu mwenye tumbo zima huhitaji kumeza vingi sana, kiasi cha milioni mia moja, ndipo augue. Asidi ikizimuliwa, hata elfu kumi zinaweza kutosha. Vinavyopita vinaingia utumbo mwembamba, vinajishikiza ukutani, vinazaana, vinaanza kutoa sumu. Dalili huanza baada ya saa chache hadi siku tano.

Hapa naomba utulivu kidogo. Kimelea hiki hakili utumbo. Hakiutoboi. Hakiingii kwenye damu. Kimekaa juu ya ukuta tu, na kazi yote inafanywa na sumu. Sumu inaingia kwenye seli za ukuta na kuzilazimisha zimwage chumvi ndani ya utumbo, na palipo na chumvi maji hufuata. Ni kama mtu aliyeingia jikoni kwako, akafungua bomba, akavunja koki, akaondoka: nyumba haijabomoka, lakini tangi linakwisha. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Kinachotoka hakina tena sura wala harufu ya kinyesi, ni maji yanayofanana na yale ya kuoshea mchele. Macho yanazama. Ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Sauti inakauka, misuli ya miguu inakakamaa, mkononi mapigo hayashikiki. Asubuhi alikwenda sokoni, usiku watu wanachimba kaburi. Katika waliozidiwa hivyo wakaachwa bila matibabu, nusu wanaweza kufa.

Na kwa kimelea, kule kuharisha ndiko kusafiri kwenyewe. Katika mililita moja ya maji yale huwa na vimelea milioni kumi, wakati mwingine milioni mia. Vikiwa vimetoka tu, kwa saa chache za mwanzo, vinaambukiza kwa urahisi zaidi kuliko vilivyokaa siku nyingi mtoni. Kwa hiyo hatari kubwa kabisa iko nyumbani kwa mgonjwa, siku ile ile: ndoo yake, shuka yake, mkono wa anayemuuguza.

Lakini koki iliyovunjika si habari mbaya peke yake. Kwa kuwa utumbo haujaharibika, bado una njia nyingine ya kuvuta maji. Mwaka 1960 mwanasayansi Mmarekani, Robert Crane, alieleza kwamba glukosi na chumvi huingia pamoja kwenye seli za utumbo. Kila moja inahitaji mwenzake. Sumu ya kipindupindu haiigusi njia hiyo. Ukimpa mgonjwa maji matupu, yanapita. Ukimpa maji ya chumvi tupu, yanapita pia. Ukimpa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, yanaingia mwilini na kubaki, ingawa bado anaharisha.

Jambo dogo hilo. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa mji wa Bangaon upande wa India. Daktari Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelala sakafuni ndani ya matapishi yao, na dripu zimekwisha. Akaagiza chumvi na glukosi vipimwe Kalkuta, vitiwe kwenye mifuko, vikorogwe kwenye mapipa yenye koki. Ndugu za wagonjwa, watu wasiosomea tiba, ndio waliowanywesha kwa vikombe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa kama 30 katika kila mia. Wakashuka hadi chini ya wanne. Wakubwa wengi wa tiba hawakutaka kuamini, walidhani ni dawa ya kimaskini. Leo mgonjwa akiwahi akapewa maji hayo, na dripu kwa aliyezidiwa, vifo vinatakiwa viwe chini ya mmoja katika kila mia. Zaidi ya hapo, mimi huuliza: alicheleweshwa wapi?

Kwa hiyo pakiti ya ORS, yaani chumvi na sukari vilivyopimwa tayari, lita moja ya maji salama, basi. Kama pakiti hakuna: vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi, kwa lita moja ile ile. Sio vijiko vya mlima. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Mgonjwa akitapika, subirini dakika kumi, halafu kijiko kimoja kimoja. Na mkiwa mnamnywesha, safari ya kituo cha afya ianze, msingoje kuona kama atapona.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Niende kwenye maji.

Maji ndiyo njia inayobeba wengi kwa mara moja. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano, jembe linaruka, hakuna wa kuchimba choo. Maji ya karibu ni Ziwa Kivu. Kipindupindu kikaja, na baada yake kuhara damu, na katika mwezi wa kwanza watu wapatao 50,000 walikufa. Hapo huwezi kumlaumu mtu kwa kutonawa. Kuna mahali ambapo njia inafungwa na bomba la serikali na wachimba visima, siyo na sabuni. Nalisema hili mbele ya viongozi makusudi.

Hapa kwetu, kisima kifupi na choo cha shimo vimesogeleana sana. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya ardhini yanapanda na vitu viwili vinakutana. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 uliendelea hadi miaka iliyofuata na kupita wagonjwa 20,000 Bara na Visiwani. Haukuwa wa kijiji cha ndani ndani. Ulianzia mjini, kwenye mitaa yenye simu za kisasa.

Chemsheni maji mpaka yatokote kweli, au tieni dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Halafu yawekeni kwenye ndoo yenye mfuniko na koki. Nasisitiza koki. Maji yakishachemshwa yakatiwa kwenye mtungi wazi, na kila mpita njia akachovya kata pamoja na vidole, mkaa wote umekwenda bure.

Mama zangu wa chakula, ninyi nina neno lenu. Samaki anayetoka kwenye mafuta ya moto hana kipindupindu. Tatizo ni sahani iliyosuuzwa kwenye beseni moja tangu asubuhi, na kachumbari. Na wali wa jana. Wali uliopikwa ni salama, lakini ukiguswa na mkono wenye vimelea kisha ukalala kwenye joto, vimelea huzaana humo kwa raha zote. Kiporo kipashwe moto hadi katikati kitoe moshi. Ndimu inasaidia, tena kweli: vimelea hivi havipendi uchachu, na kule Guinea-Bissau watafiti waliona waliotia ndimu kwenye mchuzi waliugua kidogo kuliko wengine. Endeleeni na ndimu zenu. Ila ndimu haichukui nafasi ya moto wala sabuni.

Kitu kingine kinachokiua ni ukavu. Chombo kilichooshwa kikaanikwa juani kwenye kichanja hadi kikakauka kabisa ni salama kuliko kilichofutwa na kitambaa kibichi. Bibi zetu na vichanja vyao walikuwa mbele.

Sasa nilinganishe na magonjwa mengine, kidogo tu, muone kwa nini nang'ang'ania njia. Kifua kikuu kinatoka na kikohozi na kuingia kwa pumzi, kwa hiyo unafungua madirisha. Kunawa mikono hakutakusaidia kitu hapo. Surua nayo ni ya hewa, na ina kasi mno: katika jamii isiyochanjwa mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 hadi 18, na hewa ya chumba alimotoka inaweza kubaki na virusi hadi saa mbili. Malaria inapita kwa mbu, basi chandarua. Mgonjwa wa malaria unaweza kula naye sahani moja. Homa ya matumbo inapita njia moja na kipindupindu, ila yenyewe inaingia kwenye damu, na mtu aliyepona anaweza kuendelea kuibeba kwa miaka.

Ukijua hilo, utaona vichekesho. Kipindupindu kikiingia mji, watu wanataka lori lipite likipulizia dawa barabarani. Barabara haimezwi na mtu. Dawa ile ingetiwa kwenye ndoo za maji ingeokoa watu. Au wanaacha kupeana mikono msikitini, kisha wanatoka nje wananunua juisi yenye barafu iliyogandishwa kwa maji ya kisima. Mkono hauambukizi kwa kupeana. Unaambukiza ukipelekwa mdomoni kabla ya kuoshwa.

Nizungumzie vidonge, maana najua mnavyo kwenye mikoba. Tumbo likikoroga tu, mtu anakwenda duka la dawa anataka Flagyl. Dawa ile haifanyi kitu kwa kipindupindu. Antibayotiki zinazofaa zipo, hupewa walioathirika sana, na huchaguliwa na daktari kwa kutazama majibu yetu ya maabara. Sababu ya ukali huo ipo kwenye kumbukumbu zetu wenyewe. Mlipuko wa mwaka 1977 na 1978 ulipoingia Tanzania, antibayotiki ya tetrasaiklini iligawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa wazima ili eti kuwakinga. Fred Mhalu wa Muhimbili na wenzake waliendelea kupima vimelea mwezi kwa mwezi. Mwanzoni dawa iliviua. Baada ya miezi mitano hivi, vimelea 76 katika kila mia vilikuwa sugu. Walichapisha matokeo hayo mwaka 1979 na dunia nzima inayasoma hadi leo. Bakteria hupeana maagizo ya usugu wao kwa wao, hata wa aina tofauti, humo humo tumboni mwako. Kila kidonge kisicho na sababu kinawapa nafasi hiyo.

Chanjo ipo. Ni ya kunywa, haina sindano. Unguja na Pemba waliijaribu mwaka 2009: watu karibu 48,000 walilengwa, nusu yao wakanywa dozi zote mbili, na kwa miezi iliyofuata kinga ilifika asilimia 79. Kilichowafurahisha watafiti zaidi ni kwamba wasiokunywa, wakikaa katikati ya waliokunywa wengi, nao waliugua kidogo. Njia ilikuwa imebana. Lakini duniani chanjo hii ni chache. Tangu Oktoba 2022, kwenye milipuko hutolewa dozi moja badala ya mbili kwa sababu ya upungufu huo. Ikija, kunyweni. Msiisubiri.

Sasa maswali. Kwanza lile la kijana pale nyuma, kumbe walikuwa wanasikiliza: kwa nini watu wanakunywa kisima kimoja na wengine hawaugui? Mwaka 1892 Ujerumani, mzee mmoja profesa, Max von Pettenkofer, aliyekataa kata kata kwamba kimelea peke yake kinaleta ugonjwa, alikunywa kikombe cha vimelea hai vya kipindupindu mbele ya mashahidi. Akaharisha siku kadhaa, hakufa, akadai ameshinda. Hakushinda. Wengi wanaomeza vimelea hivi hawaoni dalili, au wanaharisha kidogo tu. Inategemea wingi wa vimelea, asidi ya tumbo, kinga ya mwili, hata kundi la damu: wa kundi O huzidiwa zaidi. Ila wasio na dalili nao huvitoa chooni kwa siku kadhaa. Kwa hiyo usiseme "mimi mzima, mikono yangu haina kitu".

Swali la sheikh ni zito na nashukuru ameliuliza yeye. Ndugu akifa kwa kipindupindu, tumwoshe vipi? Mwili ule bado una maji yenye vimelea, na kuminya tumbo, kama tulivyozoea, kunayatoa. Imetokea mahali pengi kwamba msiba mmoja ukazaa misiba kumi, kwa sababu walioosha maiti ndio waliokwenda kupakua pilau. Hakuna anayetaka kuwanyang'anya heshima ya marehemu wenu. Ombeni afisa afya aje. Anayo glovu, klorini na pamba ya kuziba. Waoshaji wawe wachache, wasiminye tumbo, maji ya kuoshea yamwagwe kwenye shimo lililotiwa klorini, mbali na kisima. Shuka zake zichovywe kwenye klorini au zichemshwe, zisipelekwe mtoni. Mazishi yafanyike haraka, jambo ambalo dini imekwisha kuamuru. Na chakula cha wafiwa kipikwe na watu wengine, nyumba nyingine, au kila mtu ale kwake siku hiyo. Hapo najua wapo watakaonuna. Sheikh, hilo la pilau nakuachia wewe uliseme Ijumaa, mimi hawatanisikiliza.